Safura na Hukumu ya Uvivu

Miongoni mwa maneno ambayo Waswahili waliyapokea kutoka Kiarabu wakayalea hata yakawa yao, limo neno safura. Asili yake ni umanjano. Aliyeupa ugonjwa jina hilo alikuwa ameutazama uso wa mgonjwa kabla ya kuyajua matumbo yake: ngozi iliyopauka, viganja visivyo na wekundu, jicho ambalo ukope wake ukivutwa chini huonekana ndani mweupe kama nyama ya ngisi. Wazee waliihusisha safura na ulaji wa udongo, wala hawakuwa mbali sana na kweli, kwa sababu mwenye upungufu wa damu aghalabu huutamani udongo, na udongo wenyewe huweza kubeba mayai ya minyoo ya aina nyingine. Walichokosea ni mlango. Minyoo ya safura haisubiri mdomo. Viluwiluwi vyake huanguliwa katika ardhi ya joto na unyevu iliyochanganyika na kinyesi, vikatoboa ngozi ya unyayo mtupu, vikasafiri kwa njia ya damu hadi mapafuni, vikapanda kooni, vikamezwa, na ndipo vinapofika katika utumbo mwembamba na kuanza kunyonya.

Methali isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako inamfaa mtoto huyu kwa nusu tu. Kinachomla yeye kimeipita nguo.

Swali linalostahili kuulizwa hapa si la kitabibu, ingawa bila ya utabibu haliulizwi vizuri. Ni swali la hukumu. Ushairi wa pwani umejaa wasia kwa vijana, na katika wasia huo uvivu ni miongoni mwa aibu zinazokemewa kwa ukali usio na huruma. Mwalimu wa skuli na mwalimu wa chuoni wamerithi ukali huo huo. Mtoto anayesinzia mbele ya ubao, anayefika akiwa amechoka kabla ya siku kuanza, anayeulizwa jambo na kulitazama kama lililo ng'ambo ya bahari, huyo jina lake limekwisha kutengenezwa kabla hajazaliwa. Ni mvivu. Na mvivu dawa yake ni bakora. Je, wanaomhukumu hivyo wanajua wanachokihukumu?

Hesabu yake ni ndogo na kila mtu anaweza kuifuata. Mnyoo mmoja wa safura wa jamii ya Necator humpotezea mtu kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku. Tone moja la maji ni kubwa kuliko hapo. Lakini mtoto mwenye minyoo 100 hupoteza mililita 3 kila siku, na kwa mwezi mililita 90, ambazo zingelijaza finjani ya kahawa hadi ukingoni na zaidi. Ikiwa minyoo yake ni ya jamii ya pili, Ancylostoma, kila mmoja hunyonya mara 5 ya kiasi hicho au kupita. Damu yote ya mtoto wa kilo 25 haifiki lita 2. Katika mililita 3 zinazotoka mna zaidi kidogo ya miligramu 1 ya madini ya chuma. Sehemu yake hufyonzwa tena na utumbo, iliyobaki hupotea, ilhali kutoka katika chakula chake cha kutwa mtoto huyo hupata chuma cha kadiri hiyo hiyo, na aghalabu pungufu. Kifungua kinywa chake ni muhogo wa kuchemsha na chai kavu, na chai, pamoja na utamu wake wote, huzuia chuma cha chakula kisifyonzwe. Samaki angemfaa, lakini kipande cha mtoto ndicho kinachokatwa mwisho. Hivyo mfuko unaotobolewa chini haujazwi kwa juu. Damu iliyopungukiwa chuma haibebi hewa ya kutosha, na ubongo usiopata hewa ya kutosha husinzia. Hakuna hila ndani yake.

Wanazuoni wa fikihi wana neno lao, taklifu, nalo ni kule kubebeshwa wajibu. Na kanuni mashuhuri ya taklifu ni kwamba haiwi ila kwa uwezo. Mgonjwa hula mchana wa Ramadhani pasi na dhambi. Asiyeweza kusimama husali ameketi, na asiyeweza kuketi husali amelala. Ajabu ni kwamba watu wanaoijua kanuni hii kwa moyo katika ibada huisahau mlangoni mwa darasa. Uvivu, kwa maana yake halisi, ni kuwa na nguvu na kuinyima kazi nguvu hiyo. Asiyekuwa nayo hana anachokinyima. Kumwita mvivu ni kama kumwita bahili mtu aliyeibiwa.

Atasema msemaji kwamba wapo watoto wavivu wasiokuwa na mnyoo hata mmoja, na wapo wenye minyoo tele walio hodari wa masomo na mpira. Ni kweli. Tena kuna jambo linaloizidisha nguvu hoja hiyo: minyoo haigawanyiki sawa baina ya watu. Katika kijiji kimoja, watoto wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote, na wengi waliosalia hubeba michache. Watoto wawili wa benchi moja, waliokuja kwa njia moja na miguu mitupu mamoja, huenda mmoja ana minyoo 10 na mwenziwe 300. Kwa macho ya mwalimu tofauti yao ni ya tabia. Lakini hoja hii haimsaidii mwenye bakora. Inachothibitisha ni kwamba jicho haliwezi kutenganisha mvivu na aliyenyonywa, na hakimu asiyeweza kuwatenganisha watuhumiwa wawili hapati kwa hilo ruhusa ya kuwaadhibu wote.

Kosa hili si la Waswahili peke yao. Kusini mwa Marekani, weupe maskini wa mashambani walisimangwa kwa miaka mingi kwamba uvivu ni sehemu ya maumbile yao. Mwaka 1902 mtaalamu wa elimu ya wanyama, Charles Wardell Stiles, alitangaza kuwa safura imeenea katika majimbo hayo, na magazeti yakafanya mzaha kwa kusema kwamba hatimaye kijidudu cha uvivu kimegunduliwa. Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya kuupiga vita ugonjwa huo. Tume iliyoundwa kwa fedha hizo ilifanya kazi kwa miaka 5 katika majimbo 11, ikakuta kwamba watoto wapatao 40 katika kila 100 waliopimwa wameambukizwa. Tabia ya watu wale, iliyoandikiwa insha na kuchorewa vibonzo, kumbe sehemu yake kubwa ilikuwa ikiishi katika utumbo. Stiles ndiye pia aliyeuita mnyoo huo Necator americanus, yaani muuaji wa Kimarekani, ingawa wataalamu wanaamini kwamba ulifika huko kutoka Afrika ndani ya miili ya watumwa. Visiwa vilivyowahi kuwa na soko la watumwa vina sababu ya kulikumbuka hilo.

Na katika visiwa hivyo Pemba ina nafasi yake katika elimu hii, nafasi ambayo wengi wa Wapemba wenyewe hawaijui. Kisiwa kile chenye mvua nyingi, kivuli cha mikarafuu na mabonde ya mpunga ni pahala ambapo viluwiluwi vya safura vingepachagua lau vingepewa hiari. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 walipimwa huko watoto wa skuli zaidi ya 3,500. Zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa na minyoo ya safura. Zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na ukosefu wa chuma. Maana yake ni kwamba mwalimu aliyeingia katika darasa la Pemba zama hizo na kutazama nyuso zilizokuwa mbele yake alikuwa akiwatazama wagonjwa, na watoto wazima wa damu ndio waliokuwa wachache. Hali hiyo ilipokuwa ya wote, haikuonekana. Weupe wa viganja ulikuwa ndiyo rangi ya viganja. Lugha nayo ilishiriki katika upofu huo: watu husema kila mtu ana chango lake, kana kwamba mnyoo ni kiungo cha mwili.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Vidonge vya minyoo vilianza kutolewa maskulini Zanzibar katika miaka hiyo ya 1990, mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, maabara ya afya ya jamii yenye jina la mwanasayansi wa Kiitalia Ivo de Carneri, na maambukizo mazito ya safura yamepungua sana. Mwaka 2001 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Afya Duniani yaliazimia kuwafikia kwa dawa walau watoto 75 katika kila 100 wa umri wa skuli walio katika hatari. Kidonge chenyewe, albendazole ya miligramu 400 au mebendazole ya miligramu 500, hutafunwa mara moja, na thamani yake ni senti chache za dola.

Na hapa ndipo lilipozuka jambo la kushangaza. Bakora haikuwahi kuombwa ushahidi. Kwa karne nzima hakuna aliyeketi kuuliza ikiwa watoto waliochapwa kwa kusinzia walisinzia kidogo zaidi mwaka uliofuata, au walipata mishahara mizuri zaidi walipokua. Lakini kidonge kilipofika, kilisimamishwa kizimbani na kuhojiwa kwa miaka zaidi ya 20.

Kesi mashuhuri ni ya Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 skuli 75 za huko ziliingizwa kwa zamu katika mpango wa dawa za minyoo, na wachumi Edward Miguel na Michael Kremer, walioufuatilia, waliandika mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa kiasi cha robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya takwimu zile, wakakuta makosa, na ukazuka ubishi uliopewa jina la vita vya minyoo. Mapitio ya Cochrane, yaliyokusanya majaribio mengi ya nchi nyingi, yalisema kwamba kuwapa dawa watoto wote kwa pamoja hakuongezi kwa wastani damu, wala uzito, wala masomo kwa kiasi cha kutajika. Waliokuwa upande wa pili walijibu kwamba wastani humficha mtoto mwenye minyoo 300 nyuma ya wenzake wasio na kitu. Kremer alitunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenziwe wawili, na mwaka 2021 ikatolewa ripoti iliyowafuatilia watoto wa Busia baada ya miaka 20: waliopata dawa kwa miaka 2 au 3 ya ziada walikuwa na kipato cha saa kilichozidi kwa asilimia 13.

Asilimia 13 ni habari njema. Hata hivyo kuna kitu katika namna ya kuisimulia ambacho utu haukitulii. Albendazole, kabla ya kuwafikia wanadamu katika miaka ya 1980, ilikuwa dawa ya kondoo na ng'ombe. Kwa mfugaji hesabu ni halali: kondoo ananunuliwa, ananenepeshwa, anauzwa, na dawa ni gharama inayorudi kwa nyama na sufu. Anayepima thamani ya kumtoa mtoto minyoo kwa mshahara atakaoupata miaka 20 baadaye ameichukua mizani ile ile ya mfugaji na kuihamishia darasani. Na lau ripoti ya 2021 ingesema kwamba kipato hakikuongezeka hata senti? Je, ingekuwa ni sawa kuiacha minyoo 300 iendelee kunyonya, maadamu mwenyewe angekuja kuwa mchimba chokaa kwa ujira ule ule? Hakuna mzazi anayemtoa mwanawe mwiba kwa kukisia faida. Anautoa kwa kuwa ni mwiba, na mguu ni wa mwanawe.

Si haki, hata hivyo, kuwafanya wenye takwimu kuwa watu wasio na moyo. Hazina ya serikali maskini ina mlango mmoja na wenye haja ni wengi. Fedha inayonunua kidonge ndiyo hiyo hiyo ambayo ingenunua chandarua au kulipa mkunga. Mwenye kugawa lazima apime. Tena hao hao wachumi walionesha jambo lenye uzito wa kimaadili: pale Busia wazazi walipotakiwa kuchangia sehemu ndogo tu ya gharama, waliochukua dawa walishuka kutoka robo tatu hadi chini ya moja ya tano. Waliozoea kusema kwamba maskini lazima alipe kidogo ili athamini anachopewa walipata jibu lao.

Na Pemba yenyewe inamkataza mtu yeyote kuudharau ushahidi. Mwaka 2002 lilianza huko jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, madini ya chuma na asidi ya foliki, ili kuwakinga na upungufu wa damu. Watoto zaidi ya 24,000 walifuatiliwa. Hakuna lililoonekana kuwa wazi zaidi: damu imepungua chuma, basi apewe chuma. Mwezi wa Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi ya wasiopewa. Hatari yao ilizidi kwa asilimia 12. Kisiwa wakati ule kilikuwa na malaria kali, na inaelekea chuma kiliwapa nguvu maradhi kabla ya kumpa nguvu mtoto. Wale waliokuwa na upungufu hasa, na waliochunguzwa na kutibiwa malaria ipasavyo, walinufaika. Ilipochapishwa habari hiyo mwaka 2006, mwongozo wa dunia nzima ulibadilika. Lau watu wangetosheka na huruma yao, chuma kile kingeendelea kugawiwa hadi leo katika nchi zote za malaria, na vifo vyake vingehesabiwa kuwa ni vya malaria tu.

Basi kumbe neno moja, ushahidi, limebeba mambo mawili yasiyofanana. Upo ushahidi kwamba kinachotiwa kinywani mwa mtoto hakitamdhuru na kinafanya kilichokusudiwa. Huu ni haki ya mtoto, na anaudai kwa kila mtabibu na kila serikali, hasa kwa vile yeye haulizwi ridhaa. Hupangwa mstari pamoja na wenziwe, mwenye minyoo na asiyekuwa nayo, akaambiwa afumbue mdomo. Na upo ushahidi kwamba mtoto aliyetibiwa atairudisha gharama yake. Huo hauwezi kuwa sharti la kutibiwa, kwa kuwa matibabu hayakuwa mkopo. Unaweza kumsaidia mgawaji kuchagua aanzie wapi. Hauwezi kumwambia kama alikuwa na deni au hakuwa nalo. Ubishi wa miaka 20 ulichosha watu kwa sehemu kwa sababu kila upande ulijibu swali la pili kana kwamba umejibu la kwanza.

Deni lenyewe, tena, halimalizwi na kidonge. Ndani ya miezi 6 tangu kumeza dawa watoto wengi huwa wameshaambukizwa upya, maana ardhi ni ile ile. Minyoo mjeledi huhimili dozi moja na kubaki ilipo kwa sehemu kubwa. Na huko Pemba, baada ya raundi 13 za mebendazole, watafiti waliandika mwaka 2003 kwamba nguvu ya dawa hiyo juu ya safura imepungua kuliko ilivyokuwa miaka 5 kabla. Kinachoukata mzunguko ni choo, na maji karibu ya choo, na ndara mguuni; mambo ambayo hayamezwi, wala hayapigiwi picha vizuri. Kiswahili kina mzaha mchungu hapa, kwani mchango ni mnyoo wa tumboni na mchango ni kitu kitolewacho kwa hisani. Dawa hizi kwa wingi wake hutolewa bure na makampuni yanayozitengeneza, yakiwamo GSK na Johnson & Johnson, na nchi huzipokea kwa shukurani. Mchango huua mchango. Lakini aliyepewa kwa hisani hana pa kudai siku hisani ikikoma, na choo cha skuli hakuna kampuni ya ng'ambo iliyoahidi kukichimba.

Jambo moja limesalia. Athari za dawa za minyoo juu ya damu zilijulikana kwa sehemu kubwa kutokana na utafiti mmoja wa Pemba wa miaka ya 1990, ambamo skuli 12 ziligawiwa kwa kura: 4 zilipewa mebendazole mara 2 kwa mwaka, 4 mara 3, na 4 hazikupewa kwa muda wote wa utafiti. Walipopimwa mwishoni, upungufu mkali kabisa wa damu ulikuwa umezuka kwa kiasi cha nusu tu miongoni mwa waliopewa mara 3, ukilinganisha na skuli zile 4 za mwisho. Nchi nyingi zilijenga mipango yao juu ya matokeo hayo. Wanafunzi wa skuli 4 hizo sasa ni watu wazima, na yumkini wengi wao wana watoto wanaosoma. Katika majedwali ya wataalamu wanaitwa kundi la kulinganishia. Katika rejista za madarasa yao ya mwaka ule, wale miongoni mwao waliosinzia yamkini waliandikwa kwa jina la zamani.